Kutu Iliyojificha Nyuma ya Tairi

(Maongezi ya wiki, kama yalivyosomwa redioni)

Wazee wetu walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wiki hii nataka tuzungumze juu ya maradhi ambayo wengi wetu tunaomiliki magari ya zamani tunayaficha, tena tunayaficha mahali ambapo mtu akisimama pembeni ya gari hawezi kuyaona. Maradhi hayo ni kutu ndani ya breki. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana si haki kuwanyoshea wengine kidole wakati mimi nimelibeba kosa hilo hilo kwa miezi tisa.

Mwezi Julai mwaka jana nilikuwa natoka Njombe kwenda Makambako, mwendo wa kilometa 60 hivi. Wanaoifahamu Njombe wanajua Julai ilivyo. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ukungu hufunika mashamba na misitu ya mipaini hata jua lipande sana. Nilikuwa kwenye mteremko. Mbele yangu, ndani ya ukungu, akatokea kijana anasukuma baiskeli yenye gunia la viazi, anavuka barabara. Nikakanyaga breki. Badala ya kusimama kwa kunyooka, gari likavuta kulia kwa nguvu, likaingia upande wa wanaokuja, na kutoka upande huo lilikuwa linapanda lori la mbao. Niliachia breki, nikakata usukani, nikapita nyuma ya baiskeli na kuishia kwenye majani. Lori lilipita likipiga honi. Kijana yule, ambaye hakuzidi miaka kumi na mitano, alisimama akaniangalia, kisha akaniambia, "Shikamoo." Nilichelewa sana kuitikia.

Nilijua kwa nini gari limevuta kulia. Breki ya tairi la mbele kushoto ilikuwa haipo, na niliyekubali isiwepo ni mimi.

Gari lenyewe ni Toyota Celica ya mwaka 1991, ya kawaida, mashine yake haina turbo. Nililipata kwa ndugu aliyehamia Dar es Salaam. Sisi tuliokua tukisikiliza matangazo ya Safari Rally kwenye redio tuna ugonjwa wa gari hili. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na baadaye yakabaki Kenya peke yake. Celica ilishinda mwaka 1984, 1985 na 1986, ikashinda tena 1990, kisha ikashinda mfululizo kuanzia 1992 hadi 1995, na mwaka 1994 aliyekuwa kwenye usukani alikuwa Mkenya, Ian Duncan. Basi mtu wa umri wangu akipewa Celica, hata iliyochakaa, haulizi sana juu ya breki. Anauliza inakimbia kiasi gani.

Miezi tisa kabla ya asubuhi ile ya ukungu, tairi la mbele kushoto lilianza kushika moto. Nilikuwa safarini, mji wenyewe siutaji. Fundi mmoja akafungua tairi, akaniambia kalipa imekufa kwa kutu. Kwa wasiojua, kalipa ni kile chuma kizito kinachoipakata diski ya breki kama mtu aliyeshika sahani kwa kiganja, na ndicho kinachobana pedi. Akaniambia mpya hapa hamna, na ya mtumba bei yake ni hii. Sikuwa na pesa hiyo. Akanipa njia ya mkato ambayo madereva wengi mnaijua. Aliirudisha pistoni ndani kwa nguvu, akafungua bomba la mafuta ya breki linalokwenda tairi hilo, akatia gololi ndogo ya beringi, akakaza. Mafuta hayapiti tena, kwa hiyo tairi halishiki moto tena. Matairi matatu yanabaki na breki. "Ukipata nafasi utatafuta nyingine," aliniambia. Nilimshukuru, nikamlipa, nikaondoka. Fundi hakunidanganya. Nafasi ndiyo ambayo mimi sikuitafuta.

Sasa tuone kwa nini gololi moja inaweza kumuua kijana wa watu.

Breki za magari yetu madogo zinafanya kazi kwa kanuni iliyoelezwa na Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17: kimiminika kilichofungiwa kikisukumwa mahali pamoja, msukumo huo hufika kila upande kwa usawa. Ukikanyaga pedeli, unasukuma pistoni ndogo ndani ya masta silinda. Mafuta yanausafirisha msukumo huo kupitia mabomba hadi kwenye kalipa, ambako kuna pistoni kubwa zaidi. Tuseme ile ndogo ina eneo la sentimita za mraba 4, na ile ya kwenye kalipa ina sentimita za mraba 24. Kila kilo moja unayosukuma inakuwa kilo sita. Ndiyo maana mguu wa mwanadamu unaweza kusimamisha tani nzima ya chuma.

Breki za diski si jambo jipya. Mwingereza Frederick Lanchester alizisajili kama uvumbuzi wake mwaka 1902, lakini sifa zilikuja mwaka 1953 gari la Jaguar liliposhinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans huko Ufaransa likiwa na breki za diski, na wapinzani wake wengi wakiwa bado na za dramu. Baadaye gari la mbio bila diski likawa kichekesho, na leo hata kigari kidogo cha familia kina diski mbele.

Mbele ndiko kwenye kazi kubwa, kwa sababu gari likifunga breki uzito wake hulalia mbele. Ukiua breki ya nyuma moja umefanya kosa. Ukiua ya mbele moja umefanya kosa kubwa zaidi, maana ile iliyobaki inashika peke yake na kulizungusha gari kuelekea upande wake. Kushoto kwangu kulikuwa kumekufa, basi gari likavuta kulia. Na hapa kwetu tunaendesha kushoto. Kulia ndiko yanakotoka malori.

Kuanzia siku ile sikuliendesha tena. Lilivutwa hadi Makambako, kwa mzee mmoja mwenye gereji ndogo ya mabati si mbali na barabara kuu. Makambako, kama mnavyojua, ni mji wa njia panda. Barabara ya TANZAM inapita hapo ikienda Tunduma, ya Songea inachipukia hapo, na treni ya TAZARA inasimama hapo. Gari la kila aina lililoshindwa safari hukutwa hapo. Mzee huyu ana umri wa kutosha kuniita mwanangu, lakini huniita mwandishi.

Alipoliona bomba, alitoa ile gololi, akaiweka kwenye kiganja changu, akasema, "Mwandishi, hii ulikuwa unaiendesha wewe au inakuendesha?" Sikuwa na jibu. Nikamwambia nahitaji kalipa nyingine. Akasema, "Nani amekuambia hii imekufa? Tuifungue kwanza."

Ndugu msikilizaji, hapo ndipo nilipojifunza jambo ninalotaka wewe ulichukue leo. Kalipa ni chuma cha kuyeyushwa, kinene, na kutu ya juu inaweza kukaa juu yake miaka thelathini bila kuidhoofisha. Kinachokufa ndani yake ni vitu vidogo: mpira mmoja wa kuzuia mafuta, mpira mmoja wa kuzuia vumbi, ngozi ya pistoni, na pini mbili za kutelezea. Hivyo vyote vinasafishika au vinabadilishika. Watu wanatupa nyumba kwa sababu bawaba ya mlango imeshika kutu.

Siri kubwa ya kalipa ni ule mpira wa mafuta. Umekaa ndani ya mfereji uliochongwa kwenye ukuta wa silinda, na ukiukata utaona una pembe nne, haukuviringana kama kamba. Pistoni inapita katikati yake kwa kubanwa. Ukikanyaga breki, pistoni inatoka kidogo, na mpira unaishika na kupinda nayo. Ukiachia, mpira unajinyoosha na kuirudisha pistoni nyuma, umbali mdogo mno ambao jicho halioni. Hakuna springi inayoirudisha. Ni mpira huo tu. Pedi zikiisha, pistoni huteleza mbele kidogo ndani ya mpira na kupata mahali papya, kwa hiyo breki inajirekebisha yenyewe. Sasa fikiri pistoni hiyo imeota kutu. Mpira hauna tena nguvu ya kuirudisha. Pedi inabaki imeegemea diski, tairi linashika moto, mafuta ya gari yanakwenda bure. Kutu ikizidi, pistoni haitoki wala hairudi.

Nilimuuliza mzee kutu inaingiaje mahali palipojaa mafuta. Akanijibu kwamba adui wa kwanza anatoka nje na wa pili yumo ndani ya mafuta yenyewe.

Wa nje ni maji na tope. Mpira wa vumbi ukichanika, tope jekundu la Njombe linaingia na kukaa pale pistoni inapotokeza. Gari likiegeshwa wiki nyingi, na hili langu lilikuwa la kuegeshwa, kutu inapata nafasi ya kula bila kusumbuliwa. Tukumbuke pia historia ya magari yetu ya mtumba. Sehemu za Japani zenye theluji humwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, na gari lililokulia huko, au lililokaa karibu na bahari, linaweza kufika kwetu likiwa limeshaanza kuoza kwa chini hata kama rangi ya juu inang'aa.

Wa ndani anashangaza zaidi. Mafuta ya breki ya kawaida, yale ya DOT 3 na DOT 4, hunyonya unyevu kutoka hewani. Akina mama wa Njombe wanajua chumvi ikiachwa wazi jikoni wakati wa masika inakuwaje. Mafuta ya breki ni hivyo hivyo. Baada ya miaka kadhaa yana maji ndani yake, na maji hayo hufanya madhara mawili. Kwanza yanatia kutu ndani ya mabomba na silinda. Pili yanashusha kiwango cha joto ambacho mafuta huchemkia. Mafuta mapya ya DOT 3 hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kufikia asilimia 3.7 kiwango hicho hushuka hadi 140. Kwa DOT 4 ni 230 yakiwa mapya na 155 yakishalowa. Kwenye mteremko mrefu kama Kitonga, kati ya Morogoro na Iringa, au Lukumburu ukielekea Songea, breki zinazoshikwa muda wote hupata moto mkali. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Unakanyaga pedeli, inazama hadi sakafuni, na gari linaendelea. Ndiyo maana mafuta haya hubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi, hata kama hayajapungua, na ndiyo maana chupa iliyokaa dukani imefunguliwa haifai kununuliwa.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi.

Mzee alianza kwa kupima ugonjwa kabla ya kufungua kitu. Alifanya hivyo upande wa kulia, ambao mimi nilidhani ni mzima. Aliinua gari kwa jeki, akaweka magogo chini ya chesi maana jeki peke yake si ya kuaminika, akanikanyagisha breki na kuiachia, kisha akazungusha tairi kwa mkono. Lilikuwa zito. Akafungua ile bolti ndogo yenye tundu ya kutolea upepo. Tairi likabaki zito. "Kama lingelegea," alisema, "ningejua mafuta yamenasa, na ningeulaumu mpira wa breki." Hoja yake ni hii: mipira inayopeleka mafuta kwenye matairi ikizeeka huvimba kwa ndani, ikaruhusu mafuta kwenda lakini isiyaruhusu kurudi. Wengi wamebadilisha kalipa mbili kumbe mgonjwa ni mpira wa bei ndogo. Kwangu, pande zote mbili, mgonjwa alikuwa kalipa.

Alipozishusha, hakuziacha zining'inie kwa mipira yake. Alizifunga kwa waya. Akanionyesha pedi: ya ndani imeliwa karibu yote, ya nje bado nene. Kalipa ya namna hii ina pistoni upande mmoja tu, na mwili wake hutelezea kwenye pini mbili ili kuivuta pedi ya upande wa pili. Pini zikigoma, pedi moja inafanya kazi ya mbili. Kwa hiyo ukiona pedi za tairi moja zimeisha kwa kutolingana, ziulize pini kwanza.

Kuitoa pistoni iliyoganda ndiko kwenye hatari. Wengine hutumia upepo wa kompresa, na pistoni huruka kama risasi. Wapo waliopoteza vidole. Mzee alitumia nguvu ya breki yenyewe. Aliacha bomba limeunganishwa bila gololi, akaweka kipande cha ubao mbele ya pistoni, akaniambia nikanyage pedeli polepole. Msukumo wa mafuta una nguvu kuliko upepo na hauna haraka. Pistoni ilikataa mara tano, ya sita ikalia, ikaanza kutoka. Vidole vyake vyote vilikuwa mbali.

Vumbi la pedi hakulipuliza. Alililowesha kwa maji na kulifuta kwa kitambaa, kwa sababu pedi za zamani huweza kuwa na asbesto, vumbi linaloharibu mapafu. Hili vijana wa gereji walisikie vizuri, maana wengi hulipuliza kwa mdomo.

Kisha akatenga vitu mafungu mawili, vya kuokoa na vya kutupa. Mipira yote ikatupwa bila mjadala, hata ile iliyoonekana mizima. Pini zilisafishwa kwa brashi ya waya na msasa laini hadi zikateleza kwenye matundu yake kwa uzito wake zenyewe. Mwili wa kalipa ulisuguliwa kwa brashi ya waya nje. Ule mfereji wa mpira aliukwangua kwa kijiti cha mti. Bisibisi ingeuacha na mkwaruzo, na mkwaruzo hupitisha mafuta. Silinda aliisafisha kwa spiriti na mafuta mapya ya breki.

Hapa nisisitize, maana kosa hili ni la kila siku. Usioshe sehemu za ndani za breki kwa petroli, dizeli au mafuta ya taa, na usipake grisi ya kawaida wala oili ya injini. Mipira ya breki imetengenezwa kuishi na mafuta ya breki. Ikiguswa na mafuta ya petroli huvimba na kulainika, na baada ya muda breki hushika zenyewe au huvuja. Watu wanaongeza oili ya injini kwenye kikopo cha breki wakiwa njiani kwa kuona "mafuta ni mafuta". Si kweli. Atakayefanya hivyo atabadilisha mipira yote, kuanzia masta silinda hadi matairi ya nyuma.

Ikabaki pistoni. Ya kulia ilikuwa na madoa tu. Msasa laini sana wenye spiriti uliyaondoa. Ya kushoto, ile iliyokaa miezi tisa bila kazi, ilikuwa na vishimo. Krome ya juu ilikuwa imebanduka kama ganda la yai. Nikamwambia mzee aipige msasa zaidi. Akachukua ukucha wake, akaupitisha juu ya pistoni mbele yangu. Ukucha ukakwama. "Mpira umekaa ukutani, hausogei," alisema. "Kinachopita juu ya mpira ni hii. Ukucha ukikwama, mpira nao utachanika." Nikamwambia nina haraka, nina kipindi Ijumaa. Akaniuliza yule kijana wa baiskeli jina lake nani. Simjui jina. Basi tukasubiri pistoni kutoka Dar es Salaam, ikaja na basi siku ya nne pamoja na mipira na washa za shaba, na Ijumaa nikapanda daladala kama watu wengine.

Hiyo ndiyo kanuni ya kuokoa na kutupa, na ukiishika hutadanganyika. Kutu kwenye mwili wa kalipa inasafishika. Madoa madogo kwenye ukuta wa silinda, nje ya mfereji, yanavumilika yakisafishwa. Vishimo kwenye pistoni, mahali panapogusana na mpira, havivumiliki. Kalipa iliyopasuka, au iliyoharibika nyuzi za bolti, nayo haina mjadala, inatupwa.

Nilikuwa nimenunua kopo la rangi nyekundu inayovumilia moto, maana nilitaka kalipa zangu zionekane kama za magari ya mashindano. Mzee hakukataa, lakini alisema rangi ni ya mwisho na ni ya nje. Aliziba silinda na matundu ya pini kwa matambara kabla sijapaka, na akanikataza kupaka pale pedi zinapotelezea, kwa sababu unene mdogo wa rangi unatosha kuzigandisha. Wapo wanaouziwa kalipa za mtumba zilizopakwa rangi nzuri huku ndani zimeoza. Ukiuziwa, fungua mpira wa vumbi uangalie. Rangi haisimamishi gari.

Wakati wa kurudisha, aliupaka mpira na pistoni mafuta mapya ya breki, akaisukuma pistoni kwa vidole gumba tu. Ikaingia. "Ikihitaji nyundo," alisema, "kuna kitu umekosea." Pini zikapata grisi maalumu ya breki ya silikoni. Akanionyesha kosa jingine dogo la hatari: kalipa ya kushoto na ya kulia hufanana, lakini ukizibadilisha, ile bolti ya kutolea upepo itakaa chini. Upepo hukaa juu siku zote. Utatoa upepo hadi kesho na pedeli itabaki laini.

Kutoa upepo kulikuwa kazi ya watu wawili. Tulianza na tairi lililo mbali zaidi na masta silinda, ambalo kwangu ni la nyuma kushoto, tukamalizia na la karibu. Mimi nakanyaga na kushikilia, yeye anafungua, mafuta yenye mapovu yanatoka kwa mpira mwembamba hadi kwenye chupa, anafunga, ndipo naachia. Ukiachia kabla hajafunga, upepo unarudi. Mafuta yaliyotoka yalikuwa meusi kama kahawa. Tuliendelea hadi yakatoka meupe, huku tukiongeza mapya kwenye kikopo kisikauke, na yale yaliyotoka hayakurudishwa. Magari yenye ABS yana taratibu zake, hivyo fuata kitabu cha gari lako.

Jaribio la kwanza lilikuwa gari limesimama: pedeli ngumu, hakuna tone linalovuja. La pili lilikuwa uwanjani kwa mwendo wa mtu. La tatu barabarani, kwanza kilometa 20 kwa saa, kisha 40. Aliniambia niachie usukani kidogo wakati wa kufunga. Celica ikasimama kwa kunyooka.

Ndugu msikilizaji, gharama yote ya spea ilikuwa chini ya bei ya kalipa moja ya mtumba niliyotajiwa siku ile ya gololi. Miezi tisa nilihatarisha watu kwa kukwepa gharama ambayo haikuwepo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki huongezeka mara nne, na hapo tunazungumzia breki nzima. Kwa breki iliyozibwa hesabu hiyo haina maana tena, kwa sababu gari halisimami mbele yako, linachagua upande.

Nawaomba wenye magari mfanye mambo matatu wiki hii. Baada ya safari, sogeza mkono karibu na kila rimu bila kuigusa diski; moja ikiwa na moto kuliko mwenzake, nenda kwa fundi. Muulize fundi wako mafuta ya breki yalibadilishwa lini. Na kama gari lako lina gololi, bomba lililopondwa kwa koleo, au kwa malori na mabasi yenye breki za upepo, tairi lililofungwa breki yake, usilitoe nje mpaka litengenezwe. Ninyi mafundi, mteja akikuomba umzibie breki, mwonyeshe kwanza kalipa yake ndani. Huenda haijafa.

Mimi sikumwona tena kijana wa viazi, ingawa kila nikipita mteremko ule napunguza mwendo na kuangalia. Salamu yake niliiitikia, lakini deni lake bado ninalo, na haya maongezi ni sehemu ya kulilipa.

Hadi wiki ijayo, saa na siku kama hii, nawatakia safari njema.